Saa ya Babu Yenye Mshale Mgongoni

SWALI: Marehemu babu yangu mzaa baba alikuwa sajini wa mawasiliano katika King's African Rifles (KAR), na alipigana Burma mwaka 1944. Ametuachia saa ya mkono ya Omega yenye uso mweusi. Kwenye kifuniko chake cha nyuma pamechorwa mshale, herufi W.W.W. na namba inayoanza na herufi Y. Familia nzima inaamini kwamba aliivaa vitani. Mwanangu anasema W.W.W. ni mambo ya tovuti, kwa hiyo saa lazima iwe ya bandia. Mfanyabiashara mmoja ametaka kuinunua kwa shilingi 400,000, na fundi saa wa hapa mjini ameshauri niiache kwake apake uso rangi mpya na kung'arisha chuma ili ipate bei nzuri zaidi. Je, saa hii ni ya kweli? Kwa nini watu wahangaikie kitu kikuukuu namna hii? Na nifanye nini nayo? (Msomaji, Tabora)

JIBU: Ndugu msomaji, nianze na lile lisiloweza kusubiri: usimwachie fundi huyo saa, na wala usiifungue mwenyewe kwa kisu cha mezani. Kazi anayotaka kuifanya itaondoa sehemu kubwa ya thamani ya saa yako, na zaidi ya hapo, kukwangua rangi ya uso huo ni jambo la hatari kwake na kwa watu wa nyumba yake. Nitaeleza yote mawili mbele kidogo.

Kwa maelezo uliyonipa, na kwa sharti kwamba picha zitayathibitisha, kitu ulicho nacho ni saa ya kijeshi ya Uingereza ya mwaka 1945. Mwanao nampa haki yake kwa kuwa makini na vitu vya bandia, lakini herufi hizo zimeitangulia intaneti kwa karibu miaka hamsini. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yanayosema tu kwamba hii ni saa, ni ya mkono, na haiingizi maji. Mshale nao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, ambayo kwa karne nyingi imepigwa kwenye bunduki, darubini, mahema na karibu kila kitu kilichotoka kwenye bohari za jeshi lile. Herufi Y inaeleweka pia, kwa sababu viwanda vingi vilipewa herufi ya kutangulia namba za jeshi: Omega ilipewa Y, Longines F, Vertex A, na vingine vivyo hivyo. Saa ya Omega yenye W.W.W. ambayo namba yake ya kijeshi ingeanza na herufi nyingine ndiyo ingenitia wasiwasi.

Ili uone kwa nini saa hii inatafutwa, ni lazima ujue ilivyozaliwa. Vita vilipoanza mwaka 1939, jeshi la Uingereza halikuwa na saa ya mkono iliyobuniwa mahususi kwa ajili ya askari wa nchi kavu. Lilinunua saa za kiraia kutoka viwanda vingi vya Uswisi, likazipiga alama ya A.T.P. na kuzigawa. Nyingi zilikuwa ndogo, zenye uso mweupe au wa rangi ya fedha, na hazikutengenezwa kuvumilia matope, jasho, mvua za Asia na vumbi la jangwa. Wakati huohuo viwanda vya Uingereza vyenyewe vilikuwa vimezama katika kazi ya silaha na vyombo vya ndege. Ndipo wakubwa wa vifaa walipoamua kuandika masharti ya saa moja inayofaa, kisha wakaviomba viwanda vya Uswisi viitengeneze kila kimoja kwa namna yake, mradi masharti yatimie.

Masharti yenyewe ni mafupi, na ukiyasoma huku umeishika saa ya babu yako utayaona yote mkononi. Uso uwe mweusi wenye tarakimu za kawaida, ili usomeke mara moja. Akrabu ya saa na ya dakika, pamoja na alama za saa, zipakwe rangi inayong'aa gizani. Dakika zichorwe pembeni kwa mistari inayofanana na reli. Sekunde ziwe na kiduara chao upande wa chini, penye namba 6. Kioo kiwe cha plastiki ngumu isiyovunjika vipande vikali, kasha lizuie maji na vumbi, na mtambo uwe wa vito 15, yaani vijiwe vigumu vinavyopunguza msuguano, na uwe umerekebishwa kushika majira katika mikao na hali mbalimbali. Vijiti vya kushikia mkanda havichomoki, bali vimeungwa moja kwa moja kwenye kasha, kwa sababu kijiti cha springi kikifyatuka askari hupoteza saa nzima. Tafadhali asije mtu akavikata ili kutia mkanda wa kisasa. Tumia mkanda wa turubai unaopitishwa chini ya kasha.

Viwanda vilivyotimiza masharti hayo na kuleta mzigo vilikuwa 12: Buren, Cyma, Eterna, Grana, IWC, Jaeger-LeCoultre, Lemania, Longines, Omega, Record, Timor na Vertex. Vertex peke yake ilikuwa kampuni ya Uingereza, ingawa nayo ilipata mitambo yake Uswisi. Wakusanyaji huziita kwa utani “Dazeni Chafu”. Makadirio ya jumla ni saa 150,000 hivi, lakini hazikugawanyika sawasawa hata kidogo. Omega na Record zinakadiriwa kuleta takriban 25,000 kila moja, Cyma 20,000 hivi, IWC 6,000, Eterna 5,000, na Grana kati ya 1,000 na 1,500 tu. Ishike hesabu hiyo ya Grana, kwa maana ndiyo inayoendesha nusu ya wazimu wa soko hili.

Sasa nifike mahali ambapo jibu langu huenda lisiifurahishe familia. Kuanzia mwaka 1940 Uswisi ilikuwa imezungukwa na Ujerumani na washirika wake, na kusafirisha mzigo mkubwa wa saa za kijeshi kwenda Uingereza kulikuwa jambo gumu mno mpaka majeshi ya Uingereza, Marekani na wenzao yalipofika mpaka wa Uswisi kupitia Ufaransa mwishoni mwa majira ya joto ya 1944. Kwa sababu hiyo saa za W.W.W. zilipokelewa ndani ya mwaka 1945, nyingi vita vikiwa ukingoni au vimekwisha kabisa. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye askari wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Nyasaland, ilipita katika bonde la Kabaw, bonde la malaria na tope lisilo na mwisho, kati ya Agosti na Desemba 1944, ikafika Kalewa na kuuvuka mto Chindwin Desemba hiyohiyo. Saa yako haikuwapo kwenye bonde lile. Haikuwezekana iwepo.

Hilo halimfanyi babu yako kuwa mwongo, wala halimwondoi Burma. Mara nyingi kilichotokea katika familia ni kwamba vitu viwili vya kweli, vita alivyopigana na saa aliyoivaa, viliunganishwa na watoto kuwa kisa kimoja. Zipo njia kadhaa ambazo saa hii ingeweza kumfikia. Kama alibaki jeshini baada ya 1945, alikuwa katika kundi ambalo saa hizi zililengwa hasa, maana hazikugawiwa kila askari, bali watu ambao kazi yao ilitegemea majira sahihi: wapiga mizinga, wahandisi, maofisa, na watu wa mawasiliano kama yeye. Batalioni za KAR zilipelekwa Malaya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na nyingine zilikuwa kazini Kenya wakati wa hali ya hatari. Inawezekana pia kwamba aliinunua kwa ofisa aliyekuwa akiondoka, au katika mauzo ya vifaa vilivyozidi. Mimi nisingechagua mojawapo bila ushahidi. Tafuteni cheti chake cha kuachishwa jeshi, kitabu cha malipo, barua, na zaidi ya yote picha; picha moja ya mwaka 1953 yenye saa hiyo mkononi mwake ina nguvu kuliko ushuhuda wa wajukuu kumi. Kwenye namba yenyewe msitegemee sana, kwa sababu saa hizi zilikuwa mali ya bohari, zikitolewa na kurudishwa, na kwa kawaida hakuna daftari lililobaki la kuonyesha namba fulani alipewa nani.

Unauliza kwa nini watu wazihangaikie. Jibu la haraka wanalolitoa wauzaji ni “historia ya vita”, nami naliona jibu hilo kuwa dhaifu, kwa kuwa, kama ulivyoona, saa nyingi za aina hii hazikusikia risasi hata moja. Zipo saa za A.T.P. ambazo kweli zilikuwa vitani na bado bei zake ni ndogo. Kinachowavuta wakusanyaji ni kitu kingine, na kimeanzia kwenye yale masharti. Ni nadra sana katika historia ya saa viwanda 12, vya hadhi tofauti kabisa, kupewa mtihani mmoja na kuleta majibu 12 yanayoweza kupangwa mezani pamoja. Ukizipanga, kwanza unaona kufanana: uso mweusi, mshale, reli ya dakika. Baada ya muda unaanza kuona tofauti. Ya Longines ina kasha pana linalofika milimita 38 hivi, ya Omega ni ya milimita 35, umbo la akrabu halifanani, unene wa tarakimu haufanani, na ndani mitambo ni ya koo mbalimbali. IWC na Jaeger-LeCoultre, ambazo leo ni majina ya watu wenye fedha nyingi, zimesimama bega kwa bega na Timor na Record ambazo mtu wa kawaida hajawahi kuzisikia, na jeshi lilizihesabu kuwa sawa.

Kisha lipo suala la kukamilisha seti. Mkusanyaji wa sarafu au stempu atalielewa bila kuelezwa: mkusanyo wenye mwisho unaojulikana huwasha tamaa kuliko ule usio na mwisho. Saa 12 ni idadi ambayo mtu wa kipato cha kati anaweza kuiota. Ataanza na Cyma, Record au Omega, ambazo zinapatikana, atapanda hadi IWC na Longines, halafu atagota kwenye Grana, ambayo huenda akaisubiri kwa miaka na kisha kuilipia zaidi ya dola 10,000. Saa yako, kwa hiyo, si adimu kuliko zote, lakini ni mlango ambao wengi huingilia, na wanaoingia hawapungui. Jambo hilo lina faida kwako: Omega ya aina hii haikosi mnunuzi.

Mimi binafsi, ukiniuliza ninachokipenda, nitataja mtambo. Ndani ya saa yako, kama haujabadilishwa, umo mtambo uitwao 30T2, wa ile familia yenye kipenyo cha milimita 30 ambayo Omega iliianza mwishoni mwa miaka ya 1930 na kuendelea kuitengeneza hadi miaka ya 1960. Una rangi ya shaba nyekundu inayopendeza, unapiga mara 18,000 kwa saa, yaani mara tano kila sekunde, na sehemu zake ni kubwa na imara kiasi kwamba fundi makini bado anaweza kuusafisha, kuutia mafuta na kuurudisha kwenye majira ya kuaminika baada ya miaka 80. Mitambo ya familia hiyo ilitumika katika saa nyingi sana za kiraia, kwa hiyo vipuri vyake hupatikana mpaka leo. Jeshi lilinunua mtambo ambao tayari ulikuwa mzuri na kuuvika nguo za kazi.

Nilikuahidi maelezo kuhusu uso wa saa. Rangi ile ya kung'aa gizani ilichanganywa na radiamu. Mionzi ya radiamu iligonga unga wa salfaidi ya zinki, nao ukatoa mwanga usiku kucha bila kuhitaji taa. Unga huo umechakaa zamani, ndiyo maana leo saa yako gizani ni nyeusi tii au ina mwanga hafifu mno, na watu wengi hudhani kwamba hatari nayo imekwisha. Haijakwisha. Radiamu hupungua nusu yake kwa miaka 1,600 hivi, na katika miaka 80 iliyopita imepungua kwa asilimia tatu au nne tu. Ikiwa imefungwa chini ya kioo, ndani ya kasha lake, mtu mzima anaweza kuishika, kuitazama na hata kuivaa kwa nadra bila hofu kubwa. Hatari halisi ni vumbi lake kuvutwa puani au kumezwa, kwa sababu likiingia mwilini radiamu hukaa kwenye mifupa kama kalsiamu inavyokaa. Wasichana waliokuwa wakipaka rangi hiyo katika viwanda vya New Jersey na Illinois huko Marekani katika miaka ya 1910 na 1920 walielekezwa kuchongoa brashi kwa midomo, na wengi wao waliozwa mataya na kufa. Sasa mfikirie fundi wako akikwangua uso huo kwa wembe juu ya meza, akipuliza vumbi kwa mdomo, halafu akila andazi. Usiihifadhi saa chumbani mnamolala, usiiache mikononi mwa watoto, na usiifungie kwenye kabati lisilopitisha hewa, kwa kuwa radiamu hutoa gesi ya radoni, nayo ina mionzi. Ukitaka kuipima, wenye dhamana ya mambo ya mionzi nchini ni Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania.

Inawezekana, hata hivyo, kwamba uso ulio nao si ule wa kwanza. Jeshi lenyewe lilikuja kuiogopa radiamu, na kuanzia miaka ya 1960 nyuso nyingi zilibadilishwa katika karakana zake na kutiwa nyingine zenye tritiamu, kitu kingine chenye mionzi, ambazo utazitambua kwa herufi T iliyozungushiwa duara. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo, hivyo iliyopakwa zama zile imebaki karibu sehemu moja ya thelathini, nayo si ya kukutia hofu. Uso wa namna hiyo hupunguza bei kidogo ukilinganishwa na ule wa 1945, ila si ughushi. Ulitiwa na jeshi, katika utumishi, na wakusanyaji wanaojua kazi yao wanauheshimu.

Hapo ndipo wengi wanapotatizika, nami nalo hunichukua muda kulieleza kila mara. Kikosi cha mafundi wa umeme na mitambo cha jeshi la Uingereza, kilichoundwa mwaka 1942 na kujulikana kwa kifupi REME, kilizitengeneza saa hizi kwa miongo kadhaa, na fundi wa jeshi hana huruma na ukamilifu wa kimakumbusho. Anazo saa tano mbovu mezani. Kesho anatakiwa kutoa nne nzima. Atachukua akrabu ya hii, kioo cha ile, kifuniko cha nyingine. Kwa hiyo saa ambayo kila kipande chake kilizaliwa pamoja ni nadra, na saa iliyochanganywa jeshini bado ni saa ya kweli. Zaidi ya hayo, nyingine zilihama nchi: zimeonekana zenye alama ya ADRI, yaani jeshi la nchi kavu la Jamhuri ya Indonesia, ambazo awali zilikuwa mikononi mwa Waholanzi huko. Kazi ya mkaguzi ni kutenganisha mabadiliko yaliyofanywa na jeshi na yale yaliyofanywa na muuzaji wa juzi anayetaka faida, na tofauti baina ya hayo mawili ndiyo tofauti ya bei.

Sasa unaweza kuona kwa nini ushauri wa fundi wako unaniudhi. Uso uliopakwa upya, hata ukipakwa vizuri, hauna tena kitu ambacho mnunuzi alikuwa akikilipia. Reli ya dakika huwa nene au iliyopinda, mshale hukosa uwiano, tarakimu huonekana kama zimeandikwa na mtoto aliyetulia sana. Madoa ya kahawia ambayo radiamu imeyaacha kwenye uso na kwenye akrabu hayapatikani dukani. Kasha nalo likisuguliwa kwenye mashine, kingo zake kali hulegea na kuwa za mviringo, na maandishi ya mgongoni huanza kufutika. Chuma kilichoondoka hakirudi. Mikwaruzo ya miaka 80 mnunuzi anaitarajia. Mng'aro wa kioo cha duka la urembo ndio unaomfanya aulize maswali.

Kuhusu uhakiki, nitumie picha zilizopigwa mchana kivulini, si kwa taa ya simu: uso kutoka juu, ubavu, na kifuniko cha nyuma kwa karibu. Nitatazama kwanza kama mshale wa usoni na wa mgongoni una umbo sahihi, na kama namba zimechorwa kwa kina cha zamani au kwa leza ya juzi. Omega za aina hii huwa na namba mbili mgongoni, ile ya jeshi yenye Y na ya kiwanda iliyo ndefu zaidi. Zipo ishara ambazo unaweza kuziangalia mwenyewe leo. Ukiimulika saa kwa taa kisha ukazima, na uso ukawaka kijani kikali kwa dakika nyingi, rangi hiyo ni ya kisasa. Akrabu zikiwa na weupe safi wakati uso ni wa kahawia, au kinyume chake, kimoja kimebadilishwa. Hatua ya mwisho ni kufunguliwa na fundi mwenye uzoefu wa saa za radiamu, asome namba ya mtambo. Namba za Omega zilifika milioni 10 mwaka 1944, kwa hiyo mtambo wa saa hii unapaswa kuwa jirani na hapo. Akikuta namba ya milioni 20, mtambo huo ni wa baadaye na bei itateremka.

Tuje kwenye fedha. Shilingi 400,000 ni kama dola 150. Omega W.W.W. iliyo nzima, yenye uso wake wa kijeshi na kasha lisilosuguliwa, katika soko la miaka ya karibuni huuzwa kati ya dola 1,500 na 3,000 hivi, na ikiwa nzuri sana hupita hapo. Yenye uso uliopakwa upya, au mtambo usio wake, inaweza kushuka hadi nusu au chini zaidi. Siwezi kusema yako iko wapi kabla ya kuiona, lakini hata ikiwa katika hali duni, bei uliyotajiwa ni ya mtu anayejua anachonunua na kutegemea kwamba wewe hujui. Mwambie saa haiuzwi kwa sasa. Kama baadaye mtaamua kuiuza, nyumba za minada za Uingereza ndizo zenye wanunuzi wengi wa mali hii, lakini hesabuni kamisheni, ushuru na usafirishaji wa kitu chenye radiamu, ambao si kila kampuni ya mizigo hukubali; ulizeni kwa maandishi kabla ya kufunga kifurushi.

Hapo karatasi za babu yako zinarudi kwa njia nyingine. Saa ya W.W.W. yenye jina la mwenyewe, cheo, kikosi na picha ni nadra kuliko saa yenyewe, na zilizothibitika kuvaliwa na askari Waafrika ni chache mno katika mikusanyo inayojulikana, si kwa sababu askari hao hawakuwapo, bali kwa sababu waliozikusanya saa hawakuwahi kuwatafuta. Andikeni kila mnachokijua, kila mzee kwa jina lake na alichokiona kwa macho yake, na yale ya kusikia yawekwe mbali na yale ya kushuhudia. Mkiandika kwamba aliipata Burma mwaka 1944, mkaguzi wa kwanza atalikanusha, na baada ya hapo hataamini hata lile la kweli. Mkiandika kwamba alikuwa sajini wa mawasiliano, alipigana Burma, na alionekana na saa hii tangu mwaka fulani ambao mtu fulani anaukumbuka, hakuna atakayepinga.

Na kama ungependa kuisikia ikipiga, jizuie kidogo. Mafuta ya zamani hukauka na kuwa kama gundi, na mtambo uliokaa bila huduma ukitiwa ufunguo hadi mwisho hujisaga wenyewe kila unapozunguka. Mizunguko miwili au mitatu tu, mara moja, yatosha kujua kama ni mzima, kisha uache mpaka ufanyiwe usafi. Fundi utakayemchagua mwambie kabla hajaigusa kwamba ndani mna radiamu, kwamba uso na akrabu visiguswe, kasha lisisuguliwe, na kila kipande atakachokibadilisha akirudishe mkononi mwako ndani ya bahasha.